Kwa nini visiwa vya Karibi viko jirani alafu kila kimoja kivyake

Marahaba mwanangu, na salamu kwenu wote Muheza. Nalirudia swali lako hapa ili na wengine walifuate. Umesema uliangalia Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ukamwona Julien Alfred wa Saint Lucia anabeba dhahabu ya mita 100, alafu Thea LaFond wa Dominica akabeba ya miruko mitatu, alafu Marileidy Paulino wa Jamhuri ya Dominika akabeba ya mita 400, ukafungua ramani ukakuta visiwa vimepangana kama shanga kwenye uzi. Sasa unauliza mbona viko karibu hivo alafu huyu anaongea Kihispania, huyu Kiingereza, huyu Kifaransa, Wahindi wa Trinidad walifikaje, mbona hawakuungana wakawa nchi moja kama sisi na ndugu zetu wa Zanzibar, na mwisho ukauliza kama kuna mtu yeyote wa pwani yetu hii aliyewahi kufikishwa kule.

Jibu fupi ni hili: visiwa vile havikujengwa viwe nchi, vilijengwa viwe mashamba, na kila shamba lilikua na mwenye mali wake ng'ambo, mmoja yuko Madrid, mwingine London, mwingine Paris, mwingine Amsterdam, mpaka Copenhagen. Mazao ya Barbados sheria iliyalazimisha yaende Uingereza na ya Martinique yaende Ufaransa, kwaiyo jirani unayeona moto wake usiku ng'ambo ya maji alikua ni mtu wa kupigana nae au kufanya nae magendo, na yule aliye mbali wiki sita za safari ya meli ndo alikua bwana. Ukisimama kaskazini mwa Saint Lucia siku anga likiwa safi unaiona Martinique kwa macho, lakini sheria, shule, pesa na pasipoti vyote vinatoka sehemu tofauti. Ukilishika hilo mengine yanafunguka yenyewe.

Tuanze na wenyeji manake watu wengi wanawaruka. Columbus alipofika Oktoba 1492 visiwa vilikua na watu wake, vile vikubwa vya kaskazini kama Kuba, Jamaika, Puerto Rico na kisiwa ambacho leo ni Haiti na Jamhuri ya Dominika vilikua vya Wataino, na vile vidogo vya mashariki vilikua vya Wakalinago, ambao Wazungu waliwaita Wakaribi na bahari ikapata jina hapo. Chakula chao kikuu kilikua muhogo. Ndio, muhogo huuhuu tunaochemsha na chai asubuhi, asili yake ni upande ule wa dunia, Wareno ndo walioupeleka Afrika, na papai pia hivohivo, tunda na jina lake vyote vimevuka bahari. Columbus alidhani amefika India akawaita watu wale Wahindi, na kosa lile halijafutwa mpaka leo, timu yao ya kriketi bado inaitwa West Indies.

Kilichowapata Wataino kinaumiza kukisoma. Walipelekwa migodini kuchimba dhahabu, wakaacha mashamba yao, njaa ikaingia, alafu ndui na surua zikawakuta hawana kinga hata kidogo. Hesabu ya Wahispania ya mwaka 1514 kwenye kile kisiwa cha Hispaniola, yani Haiti na Jamhuri ya Dominika za leo, ilipata kama 26,000, na walishakua wamekufa wengi mno kabla ya kuhesabiwa, na haikupita miaka arobaini wakabaki mia chache tu. Lakini usiseme waliisha wote, hapo vitabu vingi vinakosea. Dominica kuna eneo la Wakalinago lililotengwa kisheria mwaka 1903 na wapo mpaka leo wanachonga mitumbwi. Alafu kuna Wagarifuna, hawa ni uzao wa Wakalinago na Waafrika waliochanganyika kisiwa cha Saint Vincent, wakapigana na Waingereza chini ya chifu wao Chatoyer mpaka akauawa 1795, na mwaka 1797 Waingereza wakawapakia melini wale waliobaki hai wakawatupa kisiwa cha Roatán, pwani ya Honduras. Leo wapo Honduras, Belize na Guatemala, ngozi ya Kiafrika na lugha ya wenyeji wa Karibi, na lugha hiyo wanaiimba na kuzikia mpaka leo.

Kabla sijasahau, hizo Dominica mbili zilizokuchanganya. Columbus alikiona kile kisiwa kidogo siku ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 1493, akakiita kwa jina la siku yenyewe. Kama wewe ni Mkatoliki umeshaelewa, ni Dominika ileile unayoisikia kanisani kwenye Dominika ya Matawi. Ile Jamhuri ya Dominika imechukua jina kwa mji wake mkuu, Santo Domingo, mji wa Wahispania wa zamani kuliko yote Amerika unaoishi mpaka leo. Kimoja kilikua cha Waingereza, kimoja cha Wahispania, na kati yao kuna bahari ya kutosha, hawana undugu wowote zaidi ya hilo jina.

Sasa Wahispania walipoikamata Meksiko 1521 na Peru miaka kumi na kitu baadae, dhahabu na fedha za kule ziliwafanya wavisahau vile visiwa vidogo. Hapo ndo wengine wakapenya. Waingereza Saint Kitts 1624 na Barbados 1627, Waholanzi Curaçao 1634, Wafaransa Martinique na Guadeloupe 1635, Wadenmark Saint Thomas 1672. Jamaika Waingereza waliipora kwa Wahispania 1655. Kisiwa cha Saint Martin, ambacho unaweza kukimaliza kwa baiskeli siku moja, Wafaransa na Waholanzi walikigawana mwaka 1648 na mpaka huo upo mpaka leo. Saint Lucia yenyewe ya huyo dada yetu Julien ilibadilishana mikono kati ya Wafaransa na Waingereza mara 14, kwaiyo ukienda leo serikali inaandika Kiingereza, lakini kijijini bibi anamwita mjukuu wake kwa Kikrioli chenye maneno ya Kifaransa.

Wote walikua wanatafuta kitu kimoja: sukari. Hapa nataka twende taratibu manake bila sukari huwezi kuelewa Karibi hata ukisoma vitabu mia. Kama una ndugu Kilombero au Mtibwa muulize, muwa ukishakatwa hausubiri, ukikaa siku mbili tatu bila kukamuliwa utamu unaharibika. Kwaiyo shamba la miwa lazima liwe na kiwanda palepale, na msimu wa mavuno kinu hakizimwi usiku wala mchana, watu wanalala kwa zamu. Barbados kuanzia miaka ya 1640 iligeuzwa yote kuwa shamba na kinu, kisiwa cha kilomita za mraba 430 tu, pungufu ya nusu ya Pemba, misitu ikafyekwa mpaka kuni za kuchemshia zikawa zinaagizwa kutoka nje. Pale kwenye kinu, mwanangu, kulikua na panga au shoka limewekwa karibu, kazi yake ni kukata mkono wa mtu ukinaswa na mitambo ili mitambo isisimame. Wageni waliopita kule waliliandika hilo kama kitu cha kawaida.

Sasa nani angefanya kazi hiyo kwa hiari? Hapo ndo Afrika ikaingia. Biashara ya watumwa ya Atlantiki ilipakia watu kama milioni 12 na nusu, walioshuka hai ng'ambo ni kama milioni 10.7, na zaidi ya milioni 4 kati yao walishushwa visiwa vya Karibi. Marekani, ambayo ndo tunaiona kwenye filamu, ilipokea moja kwa moja chini ya laki nne. Na kuna hesabu moja huwa nawapa wanafunzi wangu nanyamaza waifikirie. Makoloni ya Uingereza ya Karibi yalipokea zaidi ya Waafrika milioni 2 kwa muda wote ule. Siku utumwa ulipofutwa mwaka 1834, baada ya miaka karibu mia mbili ya kuzaa na kuletwa wapya, watumwa waliokuwepo hai kwenye makoloni hayo hawakufika 700,000. Wenye mashamba walipiga hesabu wakaona ni rahisi zaidi kununua mtu mpya kuliko kulea mtoto.

Na usidhani watu walikaa kimya. Jamaika watoro waliingia milimani wakajenga vijiji vyao, kama wale watoro wa pwani ya Kenya waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa wakajificha Fuladoyo karne ya 19, na Waingereza wakashindwa kuwatoa mpaka mwaka 1739 wakalazimika kukaa chini na Cudjoe, kiongozi wa watoro hao wa Jamaika, kusaini mkataba. Mama Nanny, kiongozi mwingine wa watoro wa Jamaika, leo picha yake iko kwenye noti ya dola 500 ya Jamaika. Krismasi ya 1831 Sam Sharpe, mhubiri wa Kibaptisti, aliongoza mgomo wa watumwa Jamaika uliogeuka moto, akanyongwa 1832, na mwaka uliofuata bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta utumwa. Fidia ikatolewa pauni milioni 20, pesa ya kutisha wakati ule, na zote wakapewa wenye watumwa. Aliyetumikishwa hakupewa hata senti, tena akalazimishwa kuendelea kumfanyia bwana wake kazi bila malipo mpaka 1838 eti anajifunza uhuru. Mkopo ambao fidia yake ilikua ndani yake serikali ya Uingereza ilimaliza kuulipa mwaka 2015. Ulikua umeshazaliwa.

Lakini moyo wa historia yote hii ni Haiti, na hapa niwie radhi nikikaa muda mrefu.

Upande wa magharibi wa Hispaniola Wafaransa waliupata rasmi 1697 wakauita Saint-Domingue. Kufikia 1789 ndo lilikua koloni tajiri kuliko yote duniani, karibu asilimia 40 ya sukari ya Ulaya na zaidi ya nusu ya kahawa vilitoka pale, eneo dogo kuliko mkoa wa Lindi. Walikuwepo watumwa kama laki tano, Wazungu kama elfu 30, na watu huru wenye asili mchanganyiko kama idadi hiyohiyo. Wengi wa wale laki tano walizaliwa Afrika, tena wengi Kongo na Angola, na baadhi yao walikua wameshapigana vita vya kwao kabla ya kukamatwa, yani walijua kutumia bunduki na kupanga jeshi. Agosti 1791, siku chache baada ya kukutana kwa siri, wakaamka usiku mmoja kaskazini mwa koloni na mashamba yakawaka moto.

Akatokea Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, mtu wa farasi na dawa za miti, akawashinda Wahispania, akawashinda Waingereza walioleta maelfu ya askari, mwaka 1801 akaandika katiba iliyosema utumwa umefutwa milele. Napoleon akatuma jeshi kubwa chini ya shemeji yake Leclerc 1802, wakamwita Toussaint kwenye mazungumzo wakamkamata wakampeleka ngome ya milimani Ufaransa, akafa kwa baridi na njaa Aprili 1803. Walidhani wameshamaliza kazi. Jean-Jacques Dessalines, mmoja wa majenerali wake, akaendelea, homa ya manjano ikawasaidia, na Novemba 1803 pale Vertières Wafaransa wakasalimu amri. Tarehe 1 Januari 1804 nchi ikatangazwa, na hawakuiita jina la Kifaransa wala la Kiafrika, waliirudishia jina la Wataino, Ayiti, nchi ya milima. Mimi kila nikifika hapa nasimama kidogo. Watu walioletwa kwa minyororo walikumbuka kuwarudishia heshima wale waliokufa kabla yao kwenye ardhi ileile.

Unauliza basi mbona leo Haiti iko vile. Mwaka 1825 mfalme Charles wa Kumi alituma meli za kivita 14 mbele ya Port-au-Prince na karatasi ya kusaini: Ufaransa itaitambua Haiti kama Haiti italipa faranga milioni 150 kuwafidia wenye mashamba waliopoteza mali, na mali yenyewe ni pamoja na wale watu. Baadae zikapunguzwa mpaka milioni 90, lakini ili walipe ilibidi wakope kwenye benki za Paris hukohuko, kwa riba, na mabaki ya mikopo ile yaliisha 1947. Marekani ilikataa kuitambua Haiti mpaka 1862 kwa kuogopa mfano mbaya kwa watumwa wake, na 1915 ikaingia na majeshi ikakaa mpaka 1934. Viongozi wao wabaya nao wamechangia, Duvalier baba na mwana waliwatesa watu wao kwa karibu miaka 30, sitaki nifiche hilo. Lakini mtu anayezungumzia umaskini wa Haiti akaacha kulitaja deni la 1825 huyo hajaeleza kitu.

Na jirani yake anayegawana nae kisiwa kimoja? Haiti iliutawala upande wa mashariki kuanzia 1822 mpaka 1844, kwaiyo Jamhuri ya Dominika ni nchi ya ajabu kidogo Karibi, siku yake ya uhuru ya Februari 27 haisherehekei kumtoa Mzungu, inasherehekea kujitoa kwa Haiti. Kidonda hicho dikteta Trujillo alikichokonoa, na Oktoba 1937 askari wake waliwaua maelfu ya Wahaiti na watu wenye asili ya Haiti mpakani. Inasimuliwa waliwashikia mtu jani la kotimiri ya Kizungu wakamwambia litaje kwa Kihispania, Mhaiti ile r ya Kihispania inamshinda, akikosea amekwisha. Ngozi zao zinafanana, hao. Wote ni wajukuu wa Waafrika. Nasema hivi kwa sababu umeuliza lugha ina maana gani kule, na maana yake wakati mwingine ilikua hiyo.

Haya, Wahindi. Watu wa Muheza na Korogwe hapa mna neno lenu mtaelewa haraka kuliko mtu mwingine: manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Watumwa walipoachiwa 1838 wengi hawakutaka tena kuiona miwa, wakahamia milimani wakalima vyao, na wenye mashamba wakalia wamekosa watu. Mwaka huohuo meli mbili, Whitby na Hesperus, zikashusha vibarua wa kwanza kutoka India huko Guyana, koloni la Uingereza pwani ya Amerika Kusini, na tarehe 30 Mei 1845 Fatel Razack ikafika Trinidad. Mkataba miaka mitano, kibanda ni kilekile alicholala mtumwa, ukitoka shambani bila kibali unafungwa. Mpaka mfumo ulipositishwa 1917 Guyana ilipokea kama 239,000 na Trinidad kama 144,000. Waholanzi walipochelewa kufuta utumwa mpaka 1863 nao wakafanya hivohivo Surinam, koloni lao jirani na Guyana, wakaleta Wahindi kuanzia 1873 alafu Wajava kutoka Indonesia kuanzia 1890, ndo maana Surinam leo utakuta msikiti na sinagogi vinapakana mjini Paramaribo. Kuba ililetewa Wachina zaidi ya laki moja. Serikali ileile ya Uingereza kwa mfumo uleule ndo ilileta Wahindi kama 32,000 kujenga reli ya Mombasa miaka ya 1896 mpaka 1901, kwaiyo yule Mhindi wa Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, na yule aliyebaki Kisumu babu zao huenda walisaini karatasi zinazofanana.

Tofauti ni hii: huku kwetu wengi walirudi kwao au wakashika biashara, kule walibaki na jembe, wakawa wakulima na wafanyakazi, wakawa ndo kundi kubwa Guyana na karibu sawa na Waafrika Trinidad. Siasa ikafuata damu. Guyana mwaka 1953 chama kimoja kilichowaunganisha Cheddi Jagan, mtoto wa wafanyakazi wa miwa wenye asili ya India, na Forbes Burnham, mtu wa asili ya Afrika, kilishinda uchaguzi, na Waingereza wakaivunja serikali ile baada ya siku 133 kwa kuogopa ukomunisti. Chama kikapasuka vipande viwili, cha Wahindi na cha Waafrika, na mpasuko ule haujapona vizuri mpaka sasa.

Huko Guyana ndo alikozaliwa Walter Rodney, mwaka 1942, na hapa kuna kamba inayotufunga nao. Alifundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1966 mpaka 1967, akaenda Jamaika, serikali ya kule Oktoba 1968 ikamzuia kurudi nchini na Kingston ikalipuka kwa maandamano, akarudi kwetu 1969 mpaka 1974. Kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, London na Dar es Salaam. Aliuawa kwa bomu Georgetown, mji mkuu wa Guyana, Juni 1980, akiwa na miaka 38, akijaribu kuwarudisha Wahindi na Waafrika wa nchi yake kwenye chama kimoja. Waalimu walionifundisha mimi walikaa darasani kwake, na njia hii ya kuanza na sukari badala ya kuanza na wafalme nimeipata kwao.

Lugha nizipitie haraka. Watu kutoka makabila mia kidogo waliwekwa shamba moja na hawaelewani, wakachukua maneno ya bwana wakayafinyanga kwa sarufi na milio yao, watoto wakazaliwa nayo ikawa lugha kamili. Haiti Kikrioli ndo lugha ya kila mtu na katiba ya 1987 iliifanya rasmi pamoja na Kifaransa. Curaçao na Aruba wanasema Papiamentu, Kireno na Kihispania ndani ya koloni la Mholanzi. Surinam kuna Sranan, Jamaika kuna Patwa. Kuna mtu hupenda kusema Kiswahili nacho ni krioli ya namna hiyo, hapana, Kiswahili ni Kibantu chenye maneno ya kuazima, kilikuwepo na wenyewe kabla ya mgeni kufika.

Sasa la muungano, ambalo naona ndo lilikuuma zaidi. Walijaribu! Tarehe 3 Januari 1958 ilizaliwa Shirikisho la West Indies, makoloni kumi ya Uingereza pamoja, waziri mkuu Grantley Adams wa Barbados, makao Trinidad. Lilikua halina uwezo wa kutoza kodi ya mapato kwa miaka mitano ya mwanzo, serikali isiyo na pesa hiyo. Wanasiasa wakubwa wenyewe, Norman Manley wa Jamaika na Eric Williams wa Trinidad, hawakugombea ubunge wa shirikisho, walibaki kwao. Jamaika iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Trinidad, mtu wa Kingston alikua na ndugu London na New York lakini Port of Spain hamjui mtu, na akaambiwa kodi yake itaenda kulisha visiwa vidogo. Septemba 1961 Manley akaitisha kura ya maoni, mpinzani wake Bustamante akapiga kampeni ya kujitoa, asilimia 54 wakasema tutoke. Eric Williams akasema kumi ukitoa moja inabaki sifuri, na yeye akaondoka. Mei 1962 shirikisho likafutwa, Agosti ileile Jamaika na Trinidad zikapata uhuru kila moja na bendera yake, Barbados na Guyana 1966, na visiwa vidogo vikafuata kimoja kimoja mpaka Saint Kitts 1983.

Usiwahukumu haraka. Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba watafanya shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha, na tunajua halikufika. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964 kwa uamuzi wa viongozi wawili ndani ya miezi michache baada ya mapinduzi, haikupigwa kura ya wananchi. Nafikiri Manley angekua na nafasi ya kuamua hivo shirikisho lingesimama walau kwa muda, lakini yeye aliamini lazima watu waulizwe, aliwauliza, wakamjibu, na akakubali jibu lililomvunjia kazi ya maisha yake. Namheshimu kwa hilo.

Kilichobaki ni vipande vya muungano na sio vidogo: timu ya kriketi, chuo kikuu cha pamoja kilichoanza 1948 Jamaika, na jumuiya yao ya CARICOM ya mwaka 1973 ambayo Haiti iliingia kikamilifu 2002 na Surinam imo pia. Na vingine havikutaka uhuru kabisa, Martinique na Guadeloupe tangu 1946 ni mikoa ya Ufaransa, wanatumia euro na kupiga kura ya rais wa Paris, Puerto Rico iko chini ya Marekani tangu 1898. Barbados ilimwondoa malkia wa Uingereza kwenye kiti cha mkuu wa nchi tarehe 30 Novemba 2021 tu hapo.

Nimalizie na lile la mwisho, kama kuna mtu wa pwani yetu aliyefika kule. Wapo. Sehemu kubwa ya waliofikishwa Karibi walitoka magharibi ya Afrika, lakini miaka ya mwisho kabla ya mapinduzi ya Haiti mashamba ya Saint-Domingue yalikua yanameza watu kiasi kwamba meli za Kifaransa zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka upande wetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alisaini mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu elfu moja kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya kisiwa ambacho leo ni Morisi, na meli nyingine zilizopakia pwani ya Msumbiji ziliendelea mpaka Karibi. Kwenye matangazo ya magazeti ya Saint-Domingue ya kutafuta watumwa waliotoroka kuna watu wameandikwa Mozambique, na jina hilo walipewa wote waliopakiwa pwani ile hata kama nyumbani kwao ni bara kabisa, Umakua au upande wa Ziwa Nyasa. Walifika wachache, wamechelewa, lugha yao hakuna wa kuielewa shamba zima, na miaka michache baadae usiku ule wa Agosti 1791 ukawakuta hapohapo.